Sumu Iliyokataliwa Ulaya Yafaaje kwa Mama wa Kwetu?



Injili ya Luka yatusimulia kwamba Bikira Maria, alipopata habari za ujauzito wa Elizabeti, aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milimani, akakaa naye yapata miezi mitatu. Leo tunauliza: ni nani anayekwenda kwa haraka kwa wajawazito wa nchi yetu ya milimani, wale wa mashamba ya nyanya ya Ilula, wa viazi vya Njombe na wa mboga za miteremko ya Meru? Muuza sumu amekwisha kuwafikia. Je, mtetezi wao yuko wapi?

Wazee wa nyanda za juu wanakumbuka enzi ambapo rovu lilikuwa jambo la kawaida vijijini. Ardhi ilipungukiwa na madini joto, na tezi ya shingoni, ambayo madaktari huiita thairoidi, haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini hayo. Uvimbe wa shingo ulionekana na kila mtu. Hasara kubwa zaidi ilifichika: akili za watoto zilizodumaa kabla hawajazaliwa. Katika majuma ya mwanzo ya mimba, kabla tezi ya mtoto haijaanza kazi, ubongo wake hutegemea homoni ya mama peke yake. Mama akipungukiwa, mtoto hupungukiwa. Na kilichokosekana wakati ule hakirudishwi na uji wala na shule.

Taifa lililielewa jambo hili, likatenda. Katika miaka ya 1980 ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto ulianza katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 zikatungwa kanuni za kutia madini joto katika chumvi. Mlango huo wa maradhi ulizibwa kwa nguvu ya sheria, wala haukuachiwa huruma ya soko.

Lakini upo mlango wa pili, nao umeachwa wazi. Kwa miaka mingi maduka ya pembejeo yameuza dawa ya ukungu iitwayo mankozebu, unga wa manjano ambao mkulima huukoroga katika maji na kuunyunyiza kwa bomba la mgongoni. Dawa hii inapovunjika hutoa kemikali iitwayo ethilenithiurea, na kemikali hiyo huzuia kimeng'enya ambacho tezi ya shingoni hukitumia kugeuza madini joto kuwa homoni. Tazameni basi ajabu hii: kwa mkono mmoja tunatia madini joto katika chumvi ya mama mjamzito, na kwa mkono wa pili tunamwekea dawa inayoizuia tezi yake isiyatumie!

Je, wenye viwanda hawajui? Wanajua. Tarehe 14 Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba dawa hiyo imewekwa katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kudhuru uzazi wa binadamu, na kwamba inavuruga homoni. Wakulima wa huko walipewa muda usiozidi Januari 2022 kumaliza akiba zao. Lakini uamuzi uleule haukuvikataza viwanda vya Ulaya kuitengeneza na kuipeleka kwa watu wengine. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliodanganya kwa mizani. Hapa mizani ni mbili: moja ya mtoto atakayezaliwa Ulaya, nyingine ya mtoto atakayezaliwa Kilolo.

Tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya maabara tu. Huko Matina, nchini Costa Rica, mashamba makubwa ya migomba hunyunyiziwa mankozebu kwa ndege. Watafiti waliwafuatilia wajawazito 451 walioandikishwa mwaka 2010 na 2011, wakakuta kiwango cha ethilenithiurea katika mkojo wao ni zaidi ya mara tano ya kile kilichopimwa kwa watu wa kawaida kwingineko. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kiwango kikubwa ni kuishi karibu na mashamba, na kufua nguo za kazi za shambani. Mama huyo hakushika bomba. Alishika shati la mumewe.

Na kwetu je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba asilimia 68 walikwisha kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza dawa. Mankozebu ilikuwa miongoni mwa dawa walizotumia.

Wapo watakaotujibu kwamba bila dawa hakuna nyanya. Hatuwadharau. Tunajua mvua ikizidi ukungu huweza kuliangamiza shamba kwa siku chache, na mkulima aliyekopa mbegu na mbolea hubaki na matenga matupu na deni. Wala hatusemi kwamba kila mtoto wa mkulima amedhurika. Tunasema kwamba mkulima asilazimishwe kuchagua kati ya mavuno na mtoto wake, ilhali waliomuuzia dawa wamekwisha kuwaondolea wakulima wao hatari hiyohiyo.

Wapo pia wasemao kwamba yatosha kuwaonya wajawazito wasinyunyize. Onyo hilo huja limechelewa. Wanawake wengi wa kwetu hufika kliniki mara ya kwanza baada ya miezi mitatu ya mimba, na wengine hawajui kuwa ni wajawazito mpaka majuma kadhaa yamepita. Ubongo wa mtoto haungoji kadi ya kliniki.

Kwa hiyo Tume ya Haki na Amani yadai yafuatayo:

1. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iupitie upya uhalali wa mankozebu nchini, hadharani, pamoja na wakunga na wanawake wakulima, na iwaandalie wakulima njia mbadala pamoja na mabwana shamba wa kuwafundisha.

2. Nchi za Ulaya ziache kutuletea kile zinachokikataza kwao. Ufaransa ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya namna hiyo kuanzia mwaka 2022. Basi hakuna anayeweza kusema haiwezekani.

3. Hadi hapo, kila mume anayenyunyiza dawa afue mwenyewe nguo zake za kazi, mbali na nguo za watoto. Bomba lisioshwe mtoni, na kopo tupu lisichotewe maji ya kunywa. Chumvi ya kila nyumba iwe yenye madini joto.

Dai la tatu halihitaji kibali cha waziri wala cha mwenye kiwanda. Lianze Jumapili hii.

Kwa majadiliano ya Jumuiya Ndogondogo:

– Katika kijiji chetu, nani hufua nguo za kunyunyizia dawa, na huzifulia wapi?

– Ni dawa zipi zinauzwa dukani kwetu, na nani amewahi kutueleza madhara yake kwa mama na mtoto?