Pima bomba kwa ndoo

Mama yangu ana miaka 81, na tangu mwaka jana hawezi tena kuvuka ukingo wa sinki la kuogea. Sinki lile marehemu baba alilinunua mwaka 1977, kahawa ilipopanda bei, na watoto wa jirani pale Kamachumu, Kagera, walikuwa wakija kulichungulia. Nikaona lisije likamvunja mama nyonga. Tukaling'oa. Fundi akaweka bomba la mvua na tailizi zisizoteleza, kazi ikapendeza.

Asubuhi ya kwanza mama akaniita: "Mwanangu, njoo uone ziwa." Maji yalikuwa yameshavuka korido, yanaingia chini ya kitanda chake.

Kosa lilikuwa chini ya tailizi. Fundi alikuwa ameunganisha bafu jipya na bomba lilelile la zamani la kutolea maji, la inchi moja na nusu. "Mzee, si lilikuwa linapitisha maji ya sinki zima?" akaniuliza. Swali zuri, na ndilo linaloponza wengi. Sinki lina kina. Bomba likichelewa, maji yanasubiri humohumo na hakuna anayejua. Bafu la sakafuni halina pa kuyasubirisha. Yasipotoka kwa kasi yanayoingilia, yanatafuta mlango.

Ndiyo maana kanuni nyingi za ujenzi Marekani zimekuwa zikitaka inchi 2 kwa bafu la manyunyu, ingawa sinki linaruhusiwa inchi moja na nusu. Nusu inchi inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya mduara: bomba la inchi 2 lina uwazi karibu mara 1.8 ya lile jembamba.

Kwetu sababu ni nzito zaidi. Wenzetu wanahesabu manyunyu, lita tisa au kumi kwa dakika. Kamachumu asubuhi kuna baridi. Mama anachemshiwa maji, anayachanganya kwenye ndoo, anaoga kwa kopo, kisha anajimwagia yote yaliyobaki. Wajukuu wanafulia humohumo, beseni linamwagwa kwa mkupuo mmoja, na udongo mwekundu wa shambani umo. Basi anayechagua bomba Kagera asiangalie kile kilichoning'inia ukutani. Aangalie ndoo ya lita 20.

Tulivunja tailizi mpya. Nikaenda Bukoba, nikarudi na bomba la inchi 2 juu ya hiace. Safari hii nilisimama hapohapo na pima maji: mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, kona chache, na bomba lisipungue popote hadi kwenye chemba, linapokutana na lile la inchi nne.

Tunabishana na fundi kutwa nzima juu ya rangi ya tailizi, lakini bomba tunamwachia aamue peke yake kwa kuwa litafukiwa. Mimi nasema kinachofukiwa ndicho cha kukazia macho, maana kukirekebisha ni kuvunja. Kabla saruji haijamwagwa, mwambie fundi alete ndoo iliyojaa, aimwage yote kwa mara moja, nawe usimame mlangoni.

Sisi ndoo ile aliimwaga mama mwenyewe. Maji yakazunguka, yakakoroma, yakaisha. Akanitazama: "Haya, ziwa limerudi kwao."