Mgonjwa akisema: "Muniachie nikufe"

Mwezi huu tunajibu ulizo ambalo jamaa wanaletea wachungaji kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku: Mgonjwa wetu hatapona. Analia juu ya maumivu. Yeye mwenyewe anaomba kufa. Je, ni zambi kumsaidia?

Musiwaze kwamba ni ulizo la Ituri peke yake. Uholanzi ilianza kutumia sheria juu ya neno hili Aprili 2002, na Ubelgiji ikatoa yake tarehe 28 Mei mwaka ule ule. Kule, mtu mwenye ugonjwa usiopona, na mateso asiyoweza kuvumilia, anaweza kuandika ombi, bila kusukumwa na mtu. Munganga wa pili anamwangalia. Kisha munganga anaweza kumpiga sindano ya kumaliza uhai. Hiyo inaitwa eutanasia. Katika Uswisi ni namna ingine: mgonjwa anapewa dawa, na yeye mwenyewe anaikunywa. Mwaka 2014 Ubelgiji ikafungua mlango hata kwa watoto, kwa masharti makali. Mwaka 2023 walihesabu watu 3,423 waliokufa kwa njia ya eutanasia katika nchi ile moja.

Tusiseme haraka kwamba ni watu wasio na moyo. Mwaka 2013 Mbelgiji mmoja mwenye elimu kubwa, Christian de Duve, aliyepewa tuzo la Nobel mwaka 1974, aliomba kufa hivyo akiwa na miaka 95. Alikufa jamaa yake wakiwa pembeni yake. Wanaotetea sheria ile wanasema: maisha ni yangu, mateso ni yangu, sitaki kuoza mbele ya watoto wangu. Ni maneno mazito. Yanahitaji jibu, si matusi.

Sheria yetu inajibu kwa neno moja. Kitabu cha sheria za makosa cha tarehe 30 Januari 1940, ambacho Wabelgiji wenyewe walituachia, hakina mlango huo. Anayeua kwa kusudi ni muuaji mbele ya tribinali, hata kama mgonjwa ndiye aliyeomba.

Na sisi watu wa Ituri tuko na sababu nyingine ya kuogopa. Septemba 2002, miezi michache tu nyuma ya sheria ile ya Ubelgiji, wagonjwa waliuawa vitandani katika hospitali ya Nyankunde. Hakuna aliyewauliza wanataka nini. Mahali ambapo damu ya mtu imekuwa rahisi namna hii, tusimpe mtu yeyote, hata munganga mwema, ruhusa ya kusema maisha gani yanafaa na gani hayafai tena.

Maandiko je? Tusome 1 Wafalme 19. Elia, nabii mkubwa, alichoka kabisa. Akaketi chini ya mti jangwani, akamwomba Mungu aondoe uhai wake. Angalia Mungu alifanya nini. Hakumuua sawasawa alivyoomba. Hakumkaripia vilevile. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo yakaja nyuma. Kumbe mtu aliyeomba kufa alikuwa na njaa, na uchovu, na upweke! Basi mgonjwa wako akisema neno lile, usikimbilie kumwambia ni zambi. Uliza kwanza: ni nini kinamuuma?

Sasa tutenganishe mambo ambayo watu wanachanganya.

1. Kuua si sawa na kuacha kifo kije. Mzee ana kansere ya ini. Waganga wamesema wazi kwamba operasio haitamsaidia tena. Je, watoto wanalazimishwa kuuza ng'ombe wa mwisho na shamba ili wamkimbize Kampala? Hapana. Kumrudisha nyumbani, kumsafisha, kumpa maji, kumpunguzia maumivu na kuomba pamoja naye si kumuua. Ugonjwa ndio unaomchukua. Musibebe mzigo wa hatia ambao Mungu hakuwapa.

2. Lakini tusiite ugonjwa unaopona "mapenzi ya Mungu". Mchimbaji anakohoa damu, anakonda, watu wanasema: huyu amekwisha. Pengine ni mavumbi ya mawe yameharibu mapafu, na hayo hayaponi. Pengine ni kifua kikuu, nacho kinapona kwa dawa za miezi 6, na dawa zile hazilipishwi. Bila kupima makohozi, nani anajua? Kumwacha afe bila kumpima, hiyo si huruma.

3. Maumivu yana dawa. Mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilianza kufundisha kupanda ngazi: parasetamoli kwanza, kisha dawa kama kodeini, kisha morfini kwa maumivu makali ya kansere. Wengine wanaogopa kwamba morfini inaua. Ikipimwa vizuri na munganga anayejua kazi yake, inatuliza, na mgonjwa anaweza kulala, kula na kuagana na watu wake. Lakini musinunue dawa kali kwenye meza ya sokoni na kumpa mgonjwa kwa kukisia! Hapo ndipo inaua kweli.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza. Mwaka 1993 munganga mwanamke kutoka Uingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala. Unga wa morfini unachanganywa na maji, na mgonjwa anaikunywa nyumbani kwake kila baada ya saa 4, bila kulipa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wakapata ruhusa ya kuiandika, sababu vijijini madaktari ni wachache. Tangu 1998 kazi hiyo iko hata Hoima, ng'ambo ya Ziwa Albert, upande ule ambako watu wetu wengi walikimbilia mwaka 2018. Kwetu Kongo dawa hiyo bado ni ngumu kupata. Basi tuiombe! Kamati za afya ziulize hospitali. Na ninyi PDG wa mashimo, munaotoa feza nyingi kwa sanduku na matanga, toeni kidogo mtu akiwa angali anapumua.

4. Mgonjwa anaogopa kuwa mzigo. Mara nyingi maneno ya kuomba kufa yana maana hii: "Nimekula mbuzi zote za watoto." Na hapa sisi wenyewe tujihukumu. Kwetu hakuna sindano ya Ubelgiji. Lakini kuna namna yetu ya kuua polepole: mgonjwa anahamishwa nyumba ya nyuma, uji unachelewa, wajukuu wanakatazwa kuingia, na wakubwa wanakaa inje wakitafuta mlozi ni nani. Yule mzee wa Ubelgiji alikufa na watu wake pembeni. Sisi tunaosema "hapana" kwa njia ile, tunawaacha wangapi wafe peke yao? "Hapana" yetu haina nguvu kama hatuko karibu na kitanda.

Kwa hiyo jibu la ulizo letu ni hili. Tusimuue mgonjwa anayeomba kufa. Tusimlazimishe kuteseka vilevile. Tumtafutie dawa ya maumivu, tugawane zamu za kumlinda usiku, tumwambie kwa kinywa chetu: "Baba, wewe si mzigo kwetu." Rafiki za Yobu walifanya vema siku zile 7 walizokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

Katika jamaa yetu au mtaa wetu, mgonjwa gani hajatembelewa mwezi huu?

Nani atakwenda kwa munganga kuuliza juu ya maumivu yake, na lini?

Wewe mwenyewe, ukifika siku ile, unataka nani akae karibu nawe? Umemwambia?

Bwana awape nguvu wote wanaolinda wagonjwa.