Kabla hujalipia kozi ya biashara, tafuta anayelijua daftari lako

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo ya kulipia. Naongelea watu. Kwa maoni yangu, wengi tunakwama si kwa mtaji tu, ila kwa kukosa mtu mmoja anayetufahamu vizuri na asiyeogopa kutuambia ukweli.

Sisi wa Mara mfano tunao nyumbani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, huku Bunda, alimwona akicheza bao, akagundua ana akili, akamshauri baba yake, Chifu Burito, ampeleke shule. Mwaka 1934 akaanza Mwisenge, hapa Musoma, akafundishwa na Mwalimu James Irenge. Baadaye, akiwa mwalimu Tabora, Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ya St. Mary's, akamhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Umeona? Mmoja alimwona, mwingine akamfundisha, mwingine akamsukuma mbele. Na Makongoro hakutoa mtaji. Alitoa neno tu, ila alilipeleka kwa mtu sahihi.

Sasa rudi kwenye simu yako. Kila siku unakutana na grupu la mafunzo: lipia, ufundishwe kupata wateja. Sikatai, mengine yanasaidia. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia tisa hajawahi kuliona daftari lako. Hajui nauli ya mzigo wako ni shilingi ngapi. Atakupa maneno yale yale anayowapa wote.

Mimi nauza dagaa. Aliyenishika mkono ni mama mmoja wa mwalo wa Mwigobero, na hana hata akaunti ya Instagram. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuwatofautisha dagaa waliokaushwa kwenye chanja na wale wa kwenye mchanga. Akanifundisha pia kuangalia mwezi kabla ya kupokea oda kubwa, maana mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unaadimika, bei inapanda. Mpaka leo sitangazi ofa bila kuangalia juu. Hiyo hakuna kozi iliyowahi kuniambia.

Ukitaka kumpata mtu wa hivyo, fanya hivi:

1. Mtafute aliyekutangulia hatua chache kwenye bidhaa yako. Si lazima awe maarufu.

2. Usimwambie "nifundishe biashara". Nenda na daftari na swali moja: "Mama, gunia nilinunua bei hii, nauli hii, vifungashio hivi. Mbona faida siioni?"

3. Akikushauri, jaribu, halafu rudi umpe majibu. Wengi tunachukua ushauri na kupotea. Mtu akiona maneno yake yamefanyiwa kazi, anakuongezea mengine bila kuombwa.

4. Usimbebeshe mmoja kila kitu. Anayejua mzigo anaweza asijue mambo ya simu, na siyo kosa lake.

La mwisho ndilo linaloniuma. Sisi wenyewe ni wachoyo. Dada anayeanza anauliza, "Mzigo unachukulia wapi?" Tunamjibu "njoo inbox", akija tunamwacha na tiki mbili za bluu. Tunaogopa atatuchukulia wateja. Lakini ziwa halijaisha, na anayekujia leo na swali ndiye kesho utakayemuomba akujazie oda usipokuwa na mzigo.

Nyerere alifika Ikulu, na bado watu waliendelea kumwita Mwalimu. Hakuna cheo kilichoifuta kazi ya kufundisha.

Basi leo fanya mambo mawili. Mpigie simu aliyekushika mkono, umwambie asante. Halafu fungua ile meseji ya anayeanza, umjibu swali lake.