Pakeji si Kompyuta

Matokeo ya KCSE yakishatoka tu, kijana huambiwa: nenda kasome pakeji. Miezi mitatu baadaye ana cheti, na anachojua ni mahali pa kubofya. Mimi ninacho hicho cheti. Kimenipotezea siku mbili.

Nilipewa kazi ya kupanga mahojiano ya wazee yaliyofanywa mwaka 2019. Faili 640 za maandishi, kila jina lianze na mwaka. Nikabofya, nikaandika, nikabofya. Siku ya pili jioni nilikuwa sijafika nusu, na wazee wawili nimewabadilishia majina. Dada wa saiba ya hapo chini aliniangalia akacheka. Akafungua ule ukurasa mweusi, akanakili folda upya kutoka kwa flashi kwa cp -r, akaandika:

for f in *.txt; do mv -n "$f" "2019_$f"; done

Haikusema kitu. Nikadhani imekataa, kumbe imemaliza. Ile -n inazuia faili moja kufunika nyingine. Zile alama za kunukuu zinalinda majina yenye nafasi, la sivyo "Mzee Juma" anakatwa vipande viwili. Halafu akaandika grep -rl "njaa" . na mahojiano yote yanayotaja njaa yakajipanga mbele yangu. Jameni!

Wenye vyuo wana jibu lao: ati hayo ni ya maprogramu wenyewe, yatawatisha watoto. Nakataa. Unix ilianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Kufikia 1971, waliokuwa wakiitumia kutwa nzima ni wapiga chapa watatu wa idara ya hataza. Wapiga chapa! Watu wa kuandaa makaratasi, kama sisi.

Ndiyo, ina meno. rm haina kikapu cha taka, ukifuta umefuta. Lakini jembe nalo hukata mguu, na hatujawahi kumnyima mtu shamba kwa sababu hiyo. Tunamwonyesha pa kushika. Mfundishe cp kabla ya rm, basi.

Juzi nimeona tangazo la chuo changu kwenye mlingoti wa stima. Pakeji 9 sasa, karo imepanda. Nimezisoma zote. Ukurasa mweusi haumo.