Kompyuta Haikushika Kalamu
Juzi hapa Mji wa Kale nilimwona mteja akikata nusu ya bei aliyopatana na kijana anayechora sura za watu kwa kalamu za maka, ati kompyuta ndiyo iliyochora. Kompyuta iliigawa tu picha ya simu katika matabaka ya mwanga na kivuli. Mkono wa kijana ndio uliotia njano, kisha nyekundu, kahawia, mwisho nyeusi. Wino wa maka huonyesha rangi iliyo chini yake, na ukikosea haufutiki.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hata kwa kazi iliyotolewa na kompyuta, humtambua mtu aliyeipangia kuwa mtunzi. Sembuse aliyeinamia karatasi siku mbili! Picha ingali kwa kijana. Mteja bado anaitaka kwa nusu.