Mwaka 1863 usituangushie kuta za Kipili

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga nyumba za watu Kirando, Kipili na Namanyere, huku wilayani Nkasi. Kila nikipanda kilima cha kaskazini mwa Kipili, yalipo magofu ya misheni ya mwishoni mwa karne ya 19, jambo la kwanza ninalotazama ni kichwa cha ukuta. Jengo huanza kufa hapo. Paa likishaondoka, mvua huingia kwa juu, hushuka ndani ya ukuta na kusomba udongo unaoshikilia tofali au mawe. Mbegu ya mkuyu ikidondokea humo, mizizi humaliza kazi.

Wapo wanaosema huku kwetu hakuna majengo ya historia, hayo ni mambo ya Kilwa na Bagamoyo. Waende Karema, kaskazini mwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mbelgiji Cambier alianzisha ngome pale mwaka 1879, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 Mapadri Weupe wakaichukua. Ni pale pale tabibu Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipotibu watu kuanzia mwaka 1889 kwa zaidi ya miaka 60. Kusini, Kasanga, kuna kuta za boma la Wajerumani, ambalo wao waliliita Bismarckburg na Waingereza wakaliteka Juni 1916.

Kabla ya wageni hao, mafundi wa Kifipa walikuwa wakisimamisha malungu: matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, yenye matundu chini ya kuingizia hewa, yasiyohitaji mvukuto. Mwashi yeyote anajua ugumu wa kusimamisha udongo kwa kimo hicho, kisha uuwashie moto usipasuke. Wataalamu wetu, akiwemo Profesa Bertram Mapunda, wamechunguza mabaki ya kazi hiyo Nkasi. Kwa hiyo thamani yake inajulikana.

Tatizo ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye lisubiri Waziri alitangaze. Piga hesabu: ngome ya Karema imechelewa miaka 16. Misheni ya Kipili na boma la Kasanga vimechelewa zaidi. Hata malungu mengi huenda hayapati ulinzi huo, maana Wafipa waliendelea kuyeyusha chuma hadi karne ya 20. Mstari huo unatuacha nje sisi wa ziwani.

Jengo lisilotangazwa huonekana halina mwenyewe, na tofali lisilo na mwenyewe halikosi wa kulichukua. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama msingi wake hauwezi kupata mawe kutoka kwenye magofu ya kilimani, apunguze gharama. Nilimkatalia, lakini sikuwa na kibao wala tangazo la kumwonyesha.

Najua jibu nitakalopewa: zahanati haina dawa, watoto wanakaa chini darasani, nani ana fedha za magofu? Siombi tujenge upya. Kuzuia ukuta usianguke kunahitaji kung'oa miti ingali michanga, kuziba kichwa cha ukuta kwa chokaa ili maji yateremke nje, na kuchimba mfereji yasitulie kwenye msingi. Hiyo ni kazi ya mafundi wachache wakati wa kiangazi. Ila wasipewe saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani. Hufungia unyevu ndani, na tofali hubanduka uso. Chokaa hupumua.

Baraza la madiwani la Nkasi lipange jambo hili kwenye ajenda. Maofisa watembelee kila eneo, wapige picha, wapime, waandike ardhi ni ya nani, kanisa au kijiji, kisha wampelekee Waziri orodha akiombwa kutumia mamlaka ambayo sheria imekwisha kumpa. Wabunge wetu nao waulize bungeni kwa nini mwaka 1863 bado ndio mpaka. Kalamu ya Waziri ni ya bei nafuu kuliko mfuko wa saruji, na masika hayasubiri bajeti.