Nipeni Meza, Upweke Kaeni Nao

Waandishi tunapenda sana kumtaja Virginia Woolf: mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe, alisema mwaka 1929. Sawa kabisa. Ila wapo walioigeuza hoja hiyo kuwa fimbo ya kutuchapia sisi tunaokodi meza kwenye ofisi za pamoja. Eti huko ni soga na kahawa tu, uandishi ni upweke.

Upweke upi, jamani? Woolf alitaka mlango wenye kufuli ili mtu asikatizwe. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na nikiwa nyumbani kila mtu anajua "yupo tu". Nishikie mtoto. Mfungulie fundi wa maji. Kompyuta mapajani haihesabiwi kuwa kazi. Nikitoka asubuhi na begi, ghafla nina ajira!

Meza ya kukodi ndiyo kufuli yangu. Tena inanipa jirani wa kusoma aya yangu ya kwanza na kuniambia "sijaelewa" kabla mhariri hajaiona. Chumba cha habari kilikuwa na watu wa aina hiyo, bure.

Kinachoniudhi ni bili. Gazeti likikwambia ufanyie kazi nyumbani, limeokoa pango, umeme na intaneti; vyote vimehamia mfukoni mwako, na malipo ya makala yako palepale. Wahariri, tulipieni meza, hata siku tatu kwa wiki.